Swali Moja, Safari Mia Nane

Kwetu mchango lazima uonekane. Sio maringo, ni vile tulivyolelewa. Kwenye harambee za nyumbani, kule Taita, kulikuwa na mzee mmoja na daftari moja. Ukitoa mia mbili, mzee anaandika, halafu anayeendesha shughuli anasimama na kusoma kwa sauti: fulani wa fulani, mia mbili. Watu wanapiga makofi, hata kama ni mia mbili tu. Kule kusomwa ndiko kulikuwa risiti yako.

Siku hizi daftari ni WhatsApp. Unaijua hiyo orodha. Unakopi yote, unaongeza jina lako pale chini, unairusha tena kwenye grupu. Shida ni kwamba watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na aliyepotea huwa hanyamazi.

Binamu yangu alipogongwa akiwa kwenye bodaboda, hospitali ilitaka malipo ya kwanza kabla ya kumfanyia upasuaji wa mguu. Shangazi akachaguliwa mweka hazina. Orodha ilipopoteza majina mara ya tatu kwa siku mbili, nikamwambia, "Shangazi, wacha nitengeneze tovuti. Kila mtu ataingia ajionee mwenyewe."

Mimi ndiye yule wa familia "anayejua mambo ya kompyuta." Cheo hicho nilipewa baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, nafikiri kwa sababu ilikuwa njia ya adabu ya kunitambulisha kwa wageni. Sina cheti. Naishi kwa kuandika makala za watu na kutengeneza tovuti ndogondogo. Hiyo kazi ya shangazi niliimaliza kwa usiku mmoja, na nilijisikia fundi kweli.

Kwenye laptopu yangu ukurasa ulifunguka kabla sijaondoa kidole. Juu kulikuwa na jumla ya pesa zilizofika. Chini, kila mchango na mstari wake: jina la mchangiaji, tawi la ukoo analotoka, kiasi alichotoa. Nikaupeleka kwenye seva za bei ya chini kabisa nilizozipata. Programu ikakaa kwa kampuni moja, databesi ikakaa kwa nyingine iliyokuwa inatoa nafasi ya bure. Moja ilikuwa Ulaya, nyingine Marekani. Sikuona ubaya wowote. Bure ni bure.

Siku ya kwanza, michango 10, ukurasa ulichukua kama sekunde mbili. Michango ilipofika 112, ulichukua sekunde 20. Watu wakalalamika kidogo kwenye grupu. Nikawajibu bila hata kufikiria: "Ni network yenu. Jaribuni tena."

Jumapili mchana shangazi akanitumia picha za daftari. Kumbe kule kijijini watu walikuwa wametoa pesa taslimu kanisani, majina 300. Nikayachapa yote mchana kutwa, nikayaingiza kwa mpigo mmoja jioni. Sasa tulikuwa na michango 412. Shangazi akatangaza kwenye grupu kwamba kila kitu kiko kwenye tovuti, kila mtu aingie aangalie jina lake.

Wakaingia. Wakakuta ukurasa mweupe.

Saa mbili usiku mjomba mmoja aliandika, kwa heshima zote, "Tunaomba tu kujua pesa ziko wapi." Hakuna aliyemjibu, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Kisha simu yangu ikalia. Shangazi hakunisalimia. Alisema, "Mwanangu, hiyo kitu yako imenifanya mwizi."

*

Nilianza na ile sala ya kila anayejifunza kazi hii mtandaoni: kuzima na kuwasha. Haikusaidia. Nikaongeza pesa kidogo kwa kampuni ya seva ili wanipe mashine kubwa zaidi. Haikusaidia pia. Saa sita usiku ndipo nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya siku ya kwanza. Nikaweka kifaa kidogo kinachohesabu ni mara ngapi programu yangu inaenda kuuliza kitu kwenye databesi ili kutengeneza ukurasa mmoja.

Kilisema 825.

Nilidhani kimeharibika. Ukurasa ni mmoja, orodha ni moja. Nikaanza kuyasoma yale maswali moja baada ya jingine, na hesabu ikajitokeza yenyewe. Swali la kwanza: nipe michango yote. Sawa, moja. Halafu, kwa kila mchango: nani huyu? Mara 412. Halafu, kwa kila mmoja wa hao: anatoka tawi gani? Mara 412 tena. Moja, jumlisha 412, jumlisha 412.

Kama uliwahi kuwa mtoto wa mwisho nyumbani, unajua hii kitu. Unatumwa dukani kuleta chumvi. Unarudi, unaambiwa, ah, na kiberiti. Unarudi, ah, na mafuta ya taa. Muuzaji hana kosa, anakupa kitu kwa sekunde tano. Miguu yako haina kosa. Hata duka si mbali. Kinachokumaliza ni safari. Mama angekaa dakika moja akaandika vitu vyote kwenye karatasi, ungeenda mara moja na bado ungepata muda wa kucheza.

Programu yangu ilikuwa inatumwa dukani mara 825, na duka lilikuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kila safari, kwenda na kurudi, ilichukua kama milisekunde 90. Peke yake hiyo ni chini ya kupepesa jicho. Zidisha mara 825, unapata sekunde 74. Seva yangu ilikuwa na amri ya kukata kila kazi inayozidi sekunde 30. Kwa hiyo ilikuwa inakata, kila mara, kwa kila mjomba.

Na kwenye laptopu? Pale databesi na programu zinakaa nyumba moja. Safari ni sehemu ndogo ya milisekunde. Zile safari 825 zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sizioni tu, kwa sababu duka lilikuwa sebuleni.

Ugonjwa huu una jina kazini. Waandishi wa programu wanauita tatizo la N jumlisha moja: swali moja la orodha, halafu maswali N, moja kwa kila kitu kilicho kwenye orodha. Usiku ule nilidhani ni ujinga wangu binafsi. Baadaye, nikisoma ili nielewe, niligundua kwamba kosa langu lilikuwa limewahi kujadiliwa hadharani na watu wenye akili kuliko mimi, miaka mingi kabla sijazaliwa. Na upande wangu ulikuwa umeshindwa.

*

Rudi nyuma hadi miaka ya 1960, Marekani. Kompyuta ni kubwa kama chumba, na makampuni yameanza kuzitumia kutunza rekodi: wateja, maghala, vipuri. IBM, pamoja na kampuni zilizokuwa kwenye mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, ikatengeneza mfumo ulioitwa IMS ili kufuatilia vipuri vya roketi ya Saturn V. Rekodi zilipangwa kama mti. Roketi ina sehemu, kila sehemu ina sehemu ndogo, unashuka tawi kwa tawi mpaka ufike kwenye skrubu unayoitafuta.

Kwenye kampuni ya General Electric, Charles Bachman alikuwa na mfumo wake, uliojulikana kama IDS. Wake haukuwa mti bali wavu. Rekodi moja ilishikana na nyingine kwa kielekezi, na mwandishi wa programu alitembea humo, kutoka rekodi hii hadi ile. Mwaka 1973 Bachman alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo kilele, na katika hotuba yake alimfananisha mwandishi wa programu na nahodha. Zamani, alisema, mwandishi alisimama mahali pamoja na data ikapita mbele yake. Sasa data ndiyo bahari, na yeye ndiye anayesafiri ndani yake.

Ni picha nzuri, na sisi watu wa pwani au wa karibu na pwani tunaielewa haraka. Lakini nahodha lazima ajue njia. Kama njia ikibadilika, kwa mfano ukipanga rekodi upya, kila nahodha anapotea na kila programu inaandikwa upya.

Edgar Codd hakupenda kusafiri namna hiyo. Alikuwa Mwingereza aliyekuwa rubani wa jeshi la anga katika Vita Vikuu vya Pili, kisha akahamia Marekani na kuajiriwa na IBM. Mwaka 1970, akiwa kwenye maabara ya IBM ya San Jose, California, alichapisha makala iliyosema, kwa ufupi wangu, hivi: weka data yako kwenye majedwali ya kawaida tu, safu na mistari. Halafu usiiambie kompyuta ipite njia gani. Iambie unataka nini. Taka kundi zima kwa swali moja, na mashine itafute njia yenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Nahodha wa Bachman anauliza: huyu ni nani, na anayefuata ni nani, na anayefuata? Codd anauliza mara moja: nipe wachangiaji wote pamoja na matawi yao.

Mwaka 1974, huko Ann Arbor, Michigan, watu hawa wawili walikutanishwa kwenye mdahalo mbele ya wenzao. Upande wa Bachman ulikuwa na hoja ya maana. Mifumo yao ilikuwa inafanya kazi tayari, makampuni yalikuwa yanailipia, wakati ndoto ya Codd ilikuwa bado hesabu kwenye karatasi. Nani angeamini kwamba mashine inaweza kutafuta njia vizuri kuliko binadamu anayeijua data yake?

Walioifanya iaminike walikuwa wengine. Mwaka huohuo wa 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, palepale IBM, walichapisha lugha ya kuuliza maswali ya aina ya Codd, waliyoiita SEQUEL. Boyce alifariki ghafla mwaka huohuo, hata miaka 30 hakufika. Lugha yao, baada ya jina kubadilishwa kuwa SQL, ndiyo iliyo nyuma ya tovuti nyingi utakazozifungua leo. Na mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza jinsi mashine inavyoweza kuchagua njia. Inapokea swali lako, inapima njia mbalimbali za kulijibu, inakadiria gharama ya kila moja, inachukua ile ya bei nafuu. Basi ile kazi ya nahodha ikawa imepata mashine.

IBM yenyewe ilichelewa kuuza wazo hilo. IMS ilikuwa inaingiza pesa, na hakuna anayekimbilia kuua ng'ombe anayekamwa. Kampuni changa ya Larry Ellison, ile tunayoijua leo kama Oracle, ikatoa databesi yake ya SQL sokoni mwaka 1979, ikawatangulia. Lakini kuanzia hapo mjadala ulikuwa umekwisha. Codd alishinda. Alipewa Tuzo ya Turing yake mwaka 1981.

Kwa hiyo, zaidi ya miaka 40 baadaye, mimi ninaketi Nairobi usiku na databesi ya SQL, mtoto halali wa Codd, iliyotengenezwa ili kujibu swali moja kubwa. Nami ninaitumia kama nahodha wa 1965, rekodi kwa rekodi. Ilikuwaje?

*

Jibu ni kwamba kila kizazi kilirahisisha kuuliza, na kila urahisi ulificha safari kidogo.

Mwaka 1995 ulikuwa na mambo mawili. Rasmus Lerdorf alitoa PHP, zana ya kutengeneza kurasa za mtandao. Michael Widenius na wenzake, kule Uswidi, wakatoa MySQL, databesi iliyobeba jina la binti yake, My. Zote mbili ukiziweka kwenye mashine ya kawaida, mtu yeyote mwenye hamu angeweza kutengeneza ukurasa unaouliza databesi kila unapofunguliwa. Zamani ukurasa ulikuwa faili: umeandikwa, umekaa, unatumwa ulivyo. Sasa ukawa unapikwa upya kwa kila mgeni.

Kupika upya kuna gharama. Aliyeionja mapema ni kijana wa chuo aitwaye Brad Fitzpatrick, aliyeanzisha LiveJournal mwaka 1999 ili yeye na rafiki zake waandike shajara mtandaoni. Ukurasa uliopendwa zaidi ulikuwa ule wa marafiki: maandishi mapya ya watu wako wote, mahali pamoja. Fikiria kinachohitajika. Rafiki zako ni akina nani, kila mmoja ameandika nini, na wewe unaruhusiwa kusoma lipi, kwa sababu mtu angeweza kuficha andiko lake kwa baadhi ya watu. Hakuna wageni wawili wanaoona ukurasa uleule. Na wageni walikuwa wanaongezeka kila mwezi.

Waliongeza mashine, kisha wakaongeza nyingine. Mwaka 2003 Fitzpatrick akaja na wazo jingine: kwa nini tunauliza databesi jambo tulilouliza nusu dakika iliyopita? Seva zao zilikuwa na kumbukumbu isiyotumika. Akaandika programu inayokusanya ile kumbukumbu ya ziada ya mashine nyingi iwe ghala moja, unapoweka majibu uliyokwisha kuyapata. Ukihitaji jina la mtu, chungulia kwanza humo. Likiwepo, hakuna haja ya kusumbua databesi. Aliiita memcached, akaitoa bure kwa dunia, na dunia ikaichukua. Facebook waliitumia kwa kiwango ambacho huwezi kukiwaza. Mwaka 2013 wahandisi wao waliandika kwamba kufungua ukurasa mmoja maarufu wa kwao kulihitaji, kwa wastani, vitu 521 kutoka kwenye ghala hilo.

Niliposoma hiyo 521 nilifarijika kidogo. Mimi na Facebook. Ila wao walijua idadi yao.

Urahisi wa tatu ndio ulioniangusha. Waandishi wa programu walichoka kuandika SQL katikati ya programu zao. Wanafikiri kwa vitu: mchango ni kitu, mtu ni kitu, mchango una mtu. Kwa nini wasiandike tu "mchango, nipe mtu wako" na SQL ijiandike yenyewe kimyakimya? Zana za aina hiyo zikazaliwa. Gavin King alianza Hibernate mwaka 2001 kwa wanaotumia Java. David Heinemeier Hansson akatoa Rails mwaka 2004. Mwaka 2005 ikatolewa Django, iliyoanzia kwenye chumba cha habari cha gazeti moja katika mji wa Lawrence, Kansas, na ambayo ndiyo niliyojifunza mimi.

Ni zana nzuri. Bila Django nisingemaliza kazi ya shangazi kwa usiku mmoja, labda nisingeianza kabisa. Lakini angalia kilichotokea. Ninaandika "mchango, nipe mtu wako," na kwa macho yangu ni kama kufungua droo ya meza yangu mwenyewe. Hakuna kinachoonyesha kwamba hapo mtu ametumwa ng'ambo. Nikiweka mstari huo ndani ya orodha ya michango 412, nimetuma watu 412, na bado ukurasa wa programu yangu unaonekana msafi, mfupi, wa kupendeza.

Yaani Bachman alirudi, kwa mlango wa nyuma. Kutoka kitu hadi kitu, kufuata kielekezi, nahodha na bahari yake. Tofauti ni kwamba nahodha wa Bachman alijua anasafiri. Kila hatua aliiandika kwa mkono wake. Mimi nilisafiri mara 825 nikidhani nimekaa.

*

Kuna kitu kingine kilichonifanya nisione, na hiki ni chetu wenyewe.

Sisi tumezoea kulaumu network. Na tuna sababu. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti iliyo juu ya ikweta kama kilomita 36,000. Swali lako lilipanda hadi kule, likashuka, jibu likapanda, likashuka. Hapo hata kwa mwendo wa mwanga nusu sekunde imeondoka, kabla mtu yeyote hajafanya kazi yoyote. Halafu 2009 kebo za chini ya bahari zikafika Mombasa, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, na kidogokidogo kila kitu kikabadilika. Waliokuwa saiba enzi zile wanasimulia kama watu wanaosimulia mvua ya kwanza.

Lakini kebo ilifupisha njia kati ya simu yako na seva. Haikugusa njia kati ya seva na databesi yake. Ukurasa ukichelewa, hizo njia mbili hazitofautiki kwa mtu aliyeshika simu. Kiduara kinazunguka vilevile. Kwa hiyo nilipomwambia mjomba kwamba ni network yake, sikuwa namdanganya kwa makusudi. Nilikuwa narudia wimbo wa nchi nzima. Labda alinunua bando jingine kwa sababu yangu. Sijawahi kumuuliza.

Na hapa ndipo naona jambo hili si la mafundi peke yao. Ukurasa unaosumbuka kwa sababu ya maswali mengi unamtoza mtu ambaye hana uwezo wowote wa kuurekebisha. Yeye anasubiri, anaongeza bando, anabadilisha simu, anatembea hadi penye mnara. Anayeweza kurekebisha amekaa na laptopu ambayo duka liko sebuleni, na kwake kila kitu kinafunguka kabla hajaondoa kidole.

*

Dawa yenyewe nitakueleza haraka, kwa sababu ilikuwa fupi kwa aibu.

Niliongeza neno moja kwenye mstari uleule unaoomba michango. Neno hilo linaiambia Django: ukienda kuchukua michango, njoo na watu wao na matawi yao hapohapo. Nyuma ya pazia, SQL inayoandikwa ina neno JOIN, ambalo kazi yake ni kuunganisha majedwali. Ni swali la Codd, lile la 1970: kundi zima, mara moja. Kifaa changu cha kuhesabu kikashuka kutoka 825 hadi 1. Nikaongeza swali la pili la jumla ya pesa, nikiiambia databesi ijumlishe yenyewe badala ya mimi kuchukua kila kiasi na kujumlisha upande wangu. Mawili. Ukurasa ukafunguka chini ya sekunde moja, na seva zilikuwa zilezile za bei ya chini, na Atlantiki ilikuwa palepale.

Nilifikiria pia kuweka kashe, kama LiveJournal: nihifadhi ukurasa uliokwisha kutengenezwa, niwape wote uleule kwa dakika kumi. Nikaacha. Mtu ametuma mia tano sasa hivi, anaingia kuangalia jina lake, anakuta ukurasa wa dakika nane zilizopita. Kwa tovuti ya habari hiyo si kitu. Kwa harambee ambayo mweka hazina wake ameshaulizwa pesa ziko wapi, ni kesi mpya. Kashe inakusaidia kutouliza mara mbili, lakini ni lazima ujue ni lini jibu limezeeka, na saa tisa usiku sikujiamini kwa hilo. Maswali mawili yalitosha.

Saa tisa na nusu niliandika kwenye grupu. Sikuandika kwamba ni network. Niliandika kwamba ukurasa uliharibika kwa kosa langu, kwamba pesa zote zilikuwepo muda wote, na kwamba shangazi hakuhusika kwa lolote. Halafu nikakaa nikiangalia alama za bluu zikiwaka moja moja, wazee wakiamka kusali.

Sitasema ukurasa wangu ndio uliochelewesha upasuaji. Kulikuwa na mambo mengi. Lakini Jumatatu yote hadi jioni hakuna aliyetuma hata shilingi, na pesa zilikamilika Jumatano badala ya siku tuliyokusudia. Mguu wa binamu ulipona. Anachechemea kidogo kukiwa na baridi, na daktari alisema hilo lingekuwepo tu.

Somo la databesi chuoni nililisoma nusu. Codd alifundishwa wiki za mwanzo, nakumbuka jina na mchoro wa majedwali, nakumbuka nilikariri kwa ajili ya mtihani ambao sikuufanya. Hakuna aliyetuambia kwamba alikuwa anabishana na mtu. Nafikiri ningesikia kwamba kulikuwa na ugomvi, na ugomvi ulikuwa juu ya kwenda mara moja au mara nyingi, ningekumbuka.

Siku hizi, kabla sijampa mteja tovuti yoyote, ninafanya mambo mawili. Ninajaza data ya uongo nyingi, maelfu ya mistari, si kumi. Na ninawasha kile kifaa cha kuhesabu, naangalia namba. Namba ikipanda kila ninapoongeza mstari kwenye orodha, najua kuna mtu anatumwa dukani.

Shangazi alinisamehe kwa masharti. Wiki mbili baadaye alinipigia akauliza kama ile orodha inaweza kutolewa kwenye karatasi. Wazee wa kijijini walikuwa wamesikia majina yao yako kwenye mtandao lakini hawakuwa wameyaona. Nikaenda saiba, nikachapisha kurasa tisa, nikampa kondakta wa basi la Voi bahasha. Jumapili iliyofuata zilisomwa kanisani, fulani wa fulani, mia mbili, jina moja baada ya jingine, yote 412. Shangazi anasema ilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyelalamika kwamba ni polepole.